Swali la Sita

Nilipata sifuri swali la sita.
Msahihishaji simjui, namjua wino wake:
alama moja nyekundu ya kuuliza,
basi, hata neno.

Kwa nini asidi isizidi, wala isikose?
Mimi nilijibu: kwa sababu ndivyo ilivyo.

Mwaka uliofuata, Wete, akaja Bi Saumu Faki
na chupa ya dawa ya kikohozi.
Ndani, mafuta ya mdalasini, kayatoa mwenyewe kwa mvuke,
sufuria, mpira wa dripu, na subira.
Maabara yetu sinki moja na popo watatu.
Alipofungua kizibo mtu akasema "pilau",
tukacheka mpaka kengele ya darasa la jirani.

"Hii ni aldehidi," akasema. "Mnaila kila Idi."

Akachora kaboni na oksijeni chini ya shuka moja.
Oksijeni ana tabia ya kuvuta.
Usiku kucha kaboni mgongo wazi,
na si baridi ya kuua, akasema,
ni ile ya kipupwe, ya kuudhi tu.
Ketoni naye anaipata baridi hiyo,
ila kazungukwa na majirani wanene huku na huku.
Aldehidi upande mmoja ana hidrojeni,
ua wa makuti ulioinama.
Mtu anapita.

Anapita nitrojeni, na elektroni zake mbili
hajazitumia popote.
"Mkono mtupu?" akauliza Bi Saumu.
"Haulambwi!" tukaitikia kwa kelele,
na mimi peke yangu, nyuma karibu na dirisha,
nikanyamaza ghafla.

Kumbe.
Ukimwaga asidi nyingi, protoni zinamkuta njiani,
zile mbili zinaishia hukohuko barabarani,
akifika, kafika na salamu tu.
Na usipotia hata tone?
Anaingia, anakaa. Lakini oksijeni,
sasa ni haidroksili, kasimama kizingitini
hatoki, harudi, kazi imelala.
Tone la asidi humpa protoni moja, anageuka maji,
na maji hayafundishwi kutoka.
Hapo nitrojeni humshika kaboni kwa mikono miwili.
Yule mpya wanamwita imini.

Nyuma ya daftari, nisije nikasahau:

*Nitrojeni njoo nazo, mbili zako mkononi,*
*kaboni ina mzozo, shuka yake haioni,*
*asidi ndiyo kikwazo, ikizidi kipimoni,*
*na kidogo ndiyo nyenzo, maji yatoke nyumbani.*

Kombo alisoma begani kwangu, akasema vina vimechechemea.
Sikumjibu. Vimechechemea kweli.

Kisha akatoa haidrazini, ya manjano, imo ndani ya asidi kali,
nikanyoosha mkono: si umesema ikizidi…?
Akanitazama kama mtu aliyeokota pete.
"Huyu si mwepesi wa kupokonywa," akasema,
"gurudumu lake na vile vikundi viwili vya oksijeni
vinambana, protoni hazimpati kirahisi.
Kesho mniambie
kwa nini ana nitrojeni mbili na anayekwenda ni mmoja."

Matone matatu. Neli ikafifia,
halafu ikajaa mashapo mekundu ya machungwa
kama mtu aliyevunja yai la jua humo ndani.
Nililisogelea mno. Likanimwagikia.

Jumamosi, Gando, harusi ya binamu yangu Mkasi.
Shangazi akanikamata kiganja mbele za watu:
"Hina gani hii, mwanangu? Vidole vitatu, tena haina hata ua?"
Nikataka kumweleza. Nikaanza, "Shangazi, kuna shuka…"
Akaniwekea sahani.

Ndani ya wali nikakuta kipande cha gome la mdalasini.
Wengine hukitupa pembeni.
Nilikiweka ulimini, nikakaa nacho kimya,
nikiwaza ule wa pili, aliyebaki,
elektroni zake kamkopesha nani.